Umeme wa Jumapili

Kila Adolfu alipochoma chuma, kazi ya binti yake iliharibika.

Hapakuwa na mwenye kosa. Adolfu alikuwa fundi wa kuchomelea hapo Chanji, mjini Sumbawanga, tangu Avelina hajazaliwa, na ugali wa nyumba ile ulitoka kwenye mashine yake. Avelina naye alikuwa amemaliza chuo Dar es Salaam, akarudi na masanduku mawili ya vifaa, akaomba chumba cha kufanyia kazi. Alipewa stoo ya nyuma, iliyokuwa ya ulezi enzi za marehemu mama yake, Dominika. Kati ya stoo na karakana kulikuwa na ukuta mmoja tu wa tofali za kuchoma. Baba akigusisha rodi kwenye chuma, taa ya stoo inafifia, redio inakwaruza, na kile ambacho Avelina alikuwa anakichunga kinavurugika juu ya kioo.

Kitu chenyewe kilikuwa masizi. Ndivyo Adolfu alivyokiita, na Avelina alishachoka kumsahihisha. Kilikaa kwenye chupa ndogo kuliko kidole gumba, kikiwa maji meusi kama wino.

"Siyo masizi, baba. Ni vibomba vya kaboni. Unywele wako mmoja ukiuchana, ndani ya unene wake vinaingia maelfu."

"Na vina tundu katikati?"

"Vina tundu."

"Nani kavitoboa?"

"Hakuna. Vinaota hivyohivyo kwenye tanuru."

Adolfu, ambaye maisha yake yote alikuwa anakata na kutoboa mabomba, alicheka mpaka akafuta macho. Bomba linalojiota lenyewe. Angewaambia wenzake, nani angemwamini?

Shida ya vibomba ni kwamba vinaota vikiwa mchanganyiko. Vingine vinapitisha umeme muda wote kama waya wa shaba. Vingine vinapitisha pale tu unapoviruhusu. Unavifungua na kuvifunga kama koki ya maji, na hivyo ndivyo vinavyotafutwa na watu wanaotengeneza vifaa vidogo vya umeme. Kwa macho huwezi kuvitenga, na chekecheo la kuvichekechea halipo duniani. Avelina alivitia kwenye maji ya sabuni maalumu ili visishikane. Alidondosha tone moja juu ya kioo chenye vyuma viwili vyembamba, vilivyokaribiana kama meno ya kitana, halafu akapitisha umeme unaogeuka huku na huku mara milioni kumi kwa sekunde. Vile vya waya vinavutwa, vinakimbilia kwenye vyuma na kunasa. Vile vingine vinabaki majini. Hapo anayafyonza yale maji taratibu, anayarudisha kwenye vyuma vipya, anarudia, mpaka abaki na maji yenye aina moja tu. Katikati ya safari hiyo umeme ukiyumba, vilivyonasa vinaachia, vinachanganyika upya, na tone limekufa.

"Kumbe ni kupeta," Adolfu alisema siku ile ya kwanza. "Kama mama yako na ulezi wake."

"Hapana, baba. Ukipeta, pumba ni nyepesi na punje ni nzito, upepo unajua cha kuchukua. Hivi uzito ni uleule. Rangi ileile. Vimetoka tanuru moja. Umeme ukipita ndiyo unaona hiki kinakimbia, hiki kimetulia."

Adolfu alimtazama mtoto wake wa pekee, akasema, "Haya," akarudi kwenye geti la watu.

Mwalimu wake wa chuo, Daktari Edith, ndiye aliyempa ile chupa, na akamwazima kisanduku cha kutoa mawimbi ya umeme. Alimwambia hivi: kuna nafasi moja ya masomo Ujerumani, wanataka mtu anayeweza kuvichambua vibomba kwa vifaa vya kawaida. Wapelekee maji safi kabla mwezi wa nane haujaisha, wayapime kwa mashine zao. Yakiwa safi, nafasi ni yako. Na chupa hii ndiyo ya mwisho niliyonayo.

Utasema kwa nini asifanye usiku, baba akiwa amelala. Huyo anayesema hivyo hajalala Sumbawanga mwezi wa saba. Baridi ya Ufipa inashuka jioni inakaa hadi jua limepanda, na ile sabuni haiipendi baridi. Inaganda vipande vyeupe kama mafuta ya ng'ombe kwenye sahani, na vibomba vinashikana donge. Jiko la mkaa Avelina hakutaka hata liingie, maana vumbi la mkaa nalo ni kaboni, na maji ya moto usiku yanapoa kabla hayajafika kwenye kioo. Zilibaki saa za mchana, kuanzia saa sita hadi saa tisa, bati likishapata moto na stoo ikawa na joto la kutosha. Saa hizohizo ndizo kila fundi anachoma chuma, na mwezi wa saba ndio wakulima wameuza mahindi. Wanatoka Laela, wanatoka Matai, mmoja anataka geti, mwingine mashine yake ya kupukuchulia imekatika mguu.

Alijaribu betri ya sola. Taa haikufifia tena, lakini cheche za rodi zinapiga kelele hewani, na ukuta hauzizuii. Redio iliendelea kukwaruza, na vibomba navyo vilisikia.

Ilibaki Jumapili.

Hapo Adolfu alikuwa jiwe. Dominika alipoolewa alikuja na sharti moja: Jumapili chombo cha kazi hakiguswi. Siyo nyundo, siyo jembe, siyo sindano. Mwaka mmoja ulezi wao ulikuwa umekatwa, umelala shambani, na mawingu yasiyo ya msimu yakapanda Jumapili mchana. Majirani walikimbia na maturubai. Dominika alikaa mlangoni na gauni lake la kanisani akaitazama mvua inavyoulowesha ulezi wake, na mwaka ule walikula ugali wenye harufu ya ukungu bila mtu kulalamika. Adolfu alipenda kuisimulia habari hiyo. Alipomzika Dominika, nguo zilikwenda kwa dada zake, jembe likakatika, sufuria zikatoboka. Jumapili ilibaki. Kila Jumapili alitoka kanisani, akakaa kwenye benchi lake nje ya jiko, akasikiliza uwanja ulivyo kimya. Ulikuwa kimya namna ileile. Kama angegeuka kidogo tu, angemkuta Dominika anachambua mchicha.

"Baba, Jumapili saa sita mpaka saa tisa," Avelina aliomba. "Sipigi nyundo, siwashi moto."

"Ni kazi, siyo kazi?"

"Ni kazi."

"Basi."

Avelina alimjua baba yake, hakurudia. Wakakubaliana vingine. Akiwa na tone kwenye umeme, angetundika kitenge chekundu kwenye mlango wa stoo, mahali ambapo baba yake anakiona kutoka kwenye meza ya kazi. Kitenge kikiwa juu, baba anakata, anapiga msasa kwa mkono, anapaka rangi, anafanya lolote lisilo la rodi wala la grenda. Kitenge kikishuka, anachoma.

Ilikwenda hivyo siku nyingi, siyo vibaya. Wateja walinung'unika. Wapo waliouliza kama kuna mgonjwa ndani. Adolfu alijikuta anaipenda ile kazi ya kimya, yeye huku na msasa, binti yake kule na tone lake, na mara mojamoja sauti inatoka stoo: "Baba, umekula?" "Sijala, mama." Alimwita mama kwa sababu jina la Avelina lilikuwa la mama yake mzazi. Miaka sita mtoto alikuwa mbali, nyumba ikawa na sauti ya redio tu. Sasa kulikuwa na mtu wa kumuuliza kama amekula. Mtu akikaa muda mrefu na kiu, siku akipata maji hapendi kuambiwa kisima ni cha watu.

Asubuhi moja Avelina alitoka nje na simu mkononi, uso unang'aa.

"Daktari Edith ameandika. Wajerumani wameshanipangia hadi chumba, baba. Wanasubiri maji tu."

"Ni miaka mingapi?"

"Minne."

"Minne."

"Au mitano. Inategemea."

"Na ukishamaliza unarudi hapa? Stoo hii?"

Avelina alicheka, halafu akaona baba yake hacheki. "Baba, hapa sina hata maji yaliyosafishwa. Nanunua ya betri za magari."

"Nimeuliza tu," Adolfu alisema.

Saa saba mchana huo akaja Kashinje. Huyu alikuwa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bonde la Rukwa na ng'ombe wake, anakaa Ilemba, mteja wa Adolfu wa miaka. Alipanda mlima tangu alfajiri juu ya lori la mahindi, na ekseli ya mkokoteni wake imefungwa kamba.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba. Umevunja tena?"

"Siyo mimi, ni barabara yenu. Nichomee hapa nirudi na lori hilohilo, dereva kanipa nusu saa."

"Subiri kidogo. Nyumbani kuna kazi."

Kashinje akaangalia huku na huku. Akaona mashine imepoa, akaona fundi ana msasa mkononi. "Kazi gani, fundi? Mbona naona unasugua tu kama unaosha vyombo. Au siku hizi umeolewa wewe?"

Vijana wa duka la jirani wakacheka. Adolfu alikiangalia kitenge. Kilikuwa juu, chekundu, kimetulia. Alijua Avelina ameanza saa tano na dakika kadhaa, mapema kuliko kawaida kwa sababu jua lilitoka kali, na alijua tone la leo limeshapita kwenye vyuma mara nyingi, limekaribia. Alifikiri miaka minne. Au mitano. Alifikiri benchi. Hakukasirika wala hakuchanganyikiwa. Watu wengine wakisimulia mambo kama haya hupenda kusema walichanganyikiwa. Alivuta kioo chake cha kuchomelea, akabana ekseli, akagusisha rodi.

Ilikuwa cheche moja ndefu ya kutosha kushikiza. Ndani ya stoo redio ilinguruma kama lori linalopanda mlima, halafu ikatulia.

Avelina alitoka. Hakupiga kelele. Alikishusha kitenge, akakikunja mara mbili, akakiweka begani.

"Baba, ulikiona kitenge?"

"Nilikiona."

  Avelina akamgeukia Kashinje, akamsalimia vizuri, akaingia ndani. Kashinje hakuwa mjinga. Aliitazama ile ekseli iliyoshikizwa nusu.

"Malizia basi."

"Sichomi tena leo."

"Umeshaanza, fundi."

"Kachomeshe kwingine, Kashinje. Nisamehe."

Kashinje aliinua chuma chake, akakiweka begani, akaenda bila kuaga. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wajuane.

Jioni walikula ugali wa ulezi na samaki wakavu wa Kasanga. Avelina alimnawisha baba yake mikono kama siku zote. Walipomaliza, aliileta ile chupa akaiinua kwenye mwanga wa taa. Weusi ulikuwa umebaki chini kabisa, kama kahawa iliyobaki kwenye kikombe.

"Inatosha mara moja," alisema. "Wiki mbili zimebaki kabla sijaituma."

"Kesho sichomi kabisa," Adolfu alisema. "Wiki nzima sichomi."

"Siyo wewe tu, baba. Juzi mashine ya Redempta ilipoanza kukoboa, redio yangu ilikwaruza vilevile. Mara moja hiyo siwezi kuibahatisha."

 Angeweza kulitaja lile neno Jumapili, na asingelaumiwa. Hakulitaja. Adolfu alilala nalo hivyohivyo, halijatajwa, limejaa chumba.

Kesho yake alikwenda kwa Redempta. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti, mwenye mashine ya kusaga na kukoboa nyumba ya nne kutoka kwake. Alikuwa rafiki wa Dominika tangu wakiwa wasichana, kwa hiyo alimwita Adolfu shemeji. Foleni ya ndoo na madebe ilitoka mlangoni hadi barabarani, na kina mama wamekaa juani wanaota joto.

"Shemeji, nina ombi. Uzime mashine siku moja, saa sita mpaka saa tisa."

Redempta alifunga mashine ili asikie vizuri. "Nizime?"

"Avelina ana kazi yake ya umeme. Mashine ikiwaka inamharibia."

"Yale masizi?"

"Siyo masizi. Ni vibomba."

Bibi mmoja kwenye foleni, Getruda, aliyekuwa amejifunika blanketi mpaka masikioni, akadakia. "Yaani sisi tusile ugali ili masizi yapumzike?"

"Yanapumzika wapi, bibi, yanakimbia," mwingine akasema. "Mwanawe alimweleza mwanangu. Eti yanakimbilia kwenye chuma."

"Kama wanaume wanavyokimbilia pombe," Getruda alisema, na foleni nzima ikaangua kicheko. Adolfu alisimama pale na kofia mkononi, akawaacha wacheke hadi wachoke. Hakuwa na haki ya kukasirika na alijua.

Redempta alijifuta unga usoni. "Shemeji, angalia foleni hii. Nikizima kwangu, yule wa kule juu hatazima. Na wa sokoni je? Utazunguka mji mzima na kofia yako? Jumapili tunafunga wote. Mwambie afanye Jumapili."

"Jumapili hatufanyi kazi nyumbani."

"Nani kasema?"

"Si unajua nani kasema."

 Redempta alichukua ufagio mdogo akafagia unga uliomwagika kwenye mdomo wa mashine, taratibu, mpaka ukaisha wote.

"Mimi nilimlilia Dominika kabla yako," alisema kwa sauti ndogo, ili foleni isisikie. "Nilikuwepo pumzi yake ilipokatika, wewe ulikuwa umekwenda kutafuta gari. Hakuitaja Jumapili, shemeji. Alimtaja mtoto."

Halafu akawasha mashine, na Adolfu akavaa kofia yake akaondoka.

Jumapili iliyofuata Adolfu alikwenda misa ya kwanza. Alikaa upande wa wanaume kama kawaida, akasali sala zake bila kuomba ruhusa, maana hakujua aiombe kwa nani. Alitoka akatembea polepole. Upepo ulikuwa wa baridi, wingu jepesi limefunika jua. Nyumbani alimkuta Avelina amevaa nguo za kanisani, anajiandaa kwa misa ya pili.

"Usiende," alisema. "Washa."

Avelina aliganda na kilemba mkononi. "Baba."

"Washa kabla sijabadili mawazo. Na hili wingu je? Si itaganda ile sabuni?"

"Itabidi niweke maji ya moto chini ya kioo. Yawe yanabadilishwa."

"Nitabadilisha mimi."

Akaenda mwenyewe kuwasha jiko nje, mbali na mlango, akabandika sufuria. Alikuwa bado na koti lake la kanisani. Aliyapima maji kwa kidole, akayaleta kwenye beseni, akanawa mikono, akavua viatu mlangoni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa ndani ya stoo ile kazi ikiendelea. Harufu ya ulezi bado ilikuwepo, kwa mbali, kwenye tofali. Avelina alidondosha tone, akabonyeza kisanduku. Hapakuwa na sauti yoyote. Adolfu alizoea umeme unaonguruma na kurusha moto; huu ulikuwa umeme usioamsha hata nzi.

 Kila maji yalipopoa alitoka, akarudi na mengine. Redio ilikuwa imewashwa chini kabisa ili wasikie kama kuna kelele, na kwaya ya kanisani ilisikika humo safi, haikukwaruza hata mara moja. Hakuna mashine iliyowaka Chanji nzima. Adolfu aliusikiliza uwanja, akaukuta kimya kama Jumapili nyingine zote, lakini alipogeuka upande wa benchi hakuhisi mtu. Alihisi benchi.

"Njoo uone," Avelina alisema.

Alikuwa na darubini aliyoazima kwenye shule ya sekondari, na tochi imelazwa ubavuni ikimulika kwa pembeni. Adolfu alikunja mgongo, akafumba jicho moja. Kwanza aliona kope zake mwenyewe. Halafu akaona meno mawili ya chuma, na katikati yake uzi mwembamba wa kijani, unang'aa, umeunganisha jino na jino.

"Ni chenyewe?"

"Ni vingi vimepangana. Kimoja huwezi kukiona hata hivyo. Hivyo ndivyo vya waya, vilivyokimbia."

"Vizuri," Adolfu alisema, na hakutaka kutoa jicho. "Vimejichomelea vyenyewe. Kwa hiyo hivi ndivyo unavyowapelekea Wajerumani."

"Hapana. Hivi nafuta. Napeleka vilivyobaki majini."

Adolfu aliinua kichwa. "Vilivyokimbia vinabaki hapa, na vilivyotulia ndivyo vinapanda ndege?"

"Ndivyo, baba."

"Huo umeme wako hauna adabu."

Avelina alicheka, akacheka zaidi, halafu kicheko kikageuka, akafunika uso kwa mkono uliovaa glovu ya mpira. Adolfu hakumgusa kwa sababu mikono ya mtoto ilikuwa safi na yake ilikuwa na majivu ya jiko. Alikaa tu karibu.

"Ile siku ya Kashinje," alisema, "haikuwa haraka ya lori. Nataka ujue."

"Nilijua, baba."

"Ulijua?"

"Ulivyoshika rodi. Nakusikia ukichoma tangu sijaanza shule. Ukiwa na haraka unagonga mara mbili kabla ya kushika. Siku ile hukugonga."

 Adolfu alichukua beseni akaenda kubadilisha maji.

Saa tisa na kidogo Avelina alizima. Maji yaliyobaki yalijaza chini tu ya kichupa kipya, na hayakuwa meusi tena. Yalikuwa na rangi hafifu, karibu na hudhurungi. Alikifunga, akaandika juu yake, akakifunga kwenye soksi ya mtoto aliyoinunua sokoni.

Jibu lilikuja mwezi wa nane ukiwa unaisha. Yalikuwa safi.

Aliondoka asubuhi na basi la Mbeya. Stendi, mizigo ilipokwisha kupakiwa, Adolfu alipanda naye akakaa kiti cha pembeni. Avelina akadhani anamsindikiza kwa maneno ya mwisho. Basi likang'oka, baba yake bado amekaa.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Laela. Nina mtu wa kumwona."

Hakuwa na mtu Laela. Walikwenda, mashamba yamevunwa pande zote, mabua yamelala, na upepo unayasukuma barabarani. Avelina alilala begani kwake kipande cha njia. Alikuwa na tabia ya kulala mdomo wazi kama mama yake. Adolfu alikaa hajitikisi hata bega lilipokufa ganzi. Laela basi liliposimama, wauza mahindi ya kuchoma wakajaa madirishani, yeye akashuka.

"Umekula?" Avelina aliuliza kutoka dirishani.

"Sijala, mama. Nitakula nyumbani."

Basi likaondoka kuelekea Tunduma. Alisimama mpaka vumbi lilipokaa chini, akanunua hindi moja, akavuka barabara kusubiri gari la kurudi Sumbawanga.

Ilivyogharimu ni hivi. Kashinje hakurudi, mikokoteni ya Ilemba sasa inachomewa kwa fundi mwingine, na Adolfu akikutana naye mnadani wanasalimiana kwa kichwa. Stoo ni tupu, imebaki misumari na alama ya meza sakafuni. Jumapili ile ya Dominika imekwisha: bado anakwenda misa ya kwanza na bado hashiki nyundo, lakini akikaa kwenye benchi anakaa peke yake, na zamani haikuwa hivyo. Kitenge chekundu kimebaki kwenye msumari wake, na kwa sababu hiyo saa sita mpaka saa tisa mashine yake iko kimya, wateja wanajua, hawaulizi tena. Sahani moja. Kikombe kimoja. Miaka minne, au mitano.